Kilomita 400,000 na daftari la mafuta

Mstari wa kwanza wa daftari langu umeandikwa hivi: "186,412. Lita 31.8. Tangi pomoni." Hiyo 186,412 ndiyo namba niliyoikuta kwenye dashibodi siku nilipolichukua gari, nikiwa mtu wa tatu kulimiliki. Mstari wa mwisho, wa juzi, unaanza na 417. Katikati kuna kurasa zilizolowa mvua, kurasa zenye alama za vidole vya grisi, na ukurasa mmoja ambao mwanangu alichora samaki tulipokuwa kwenye foleni ya mafuta. Injini haijawahi kufunguliwa. Giaboksi imeshushwa mara moja tu, tulipobadilisha klachi.

Watu wakiiona ile namba huuliza swali moja: gari gani hilo? Nikiwatajia, wanatikisa kichwa kama waliopewa jina la dawa, wanaondoka zao. La pili hawaulizi. Mimi naona jina la gari ni theluthi tu ya habari yenyewe, na nasema hivyo kwa sababu kabla ya hili nilikuwa na jingine lenye sifa kubwa zaidi, nikaliua kwa mikono yangu.

Nililiua kwa kuliamini. Lilikuwa linawaka kwa nusu stata, halivuji, halitoi moshi, sasa boneti niifungue ya nini? Nilijiambia oili ikipungua taa nyekundu itawaka, nami nitaongeza. Ikawaka kweli, jioni moja nikiwa napanda mlima mrefu, na kabla sijapata pa kuegesha nikasikia mlio kama wa mtu anayegonga sufuria kwa kijiko, ndani kabisa ya injini. Kijiti cha oili kilitoka kikavu, kina utando mweusi kwenye ncha tu.

"Lakini mzee, taa imewaka leo leo," nilimwambia fundi.

"Taa ile haipimi oili, mwanangu. Inapima presha." Alikuwa anafuta mikono wala hanitazami. "Ikiwaka, hiyo si taarifa tena. Ni tanzia."

Alikuwa sahihi. Pampu hunyonya oili chini kabisa ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na maadamu kichujio chake bado kimezama, presha ipo na taa inakaa kimya hata kama nusu ya oili imeshateketea. Siku pampu inapomeza hewa, bearingi za injini zinabaki chuma kwa chuma, na hapo dakika chache tu zinatosha kumaliza kazi. Lile gari niliuza kwa kilo.

Nilipotafuta la pili nilikuwa nataka mambo mawili. Kwanza lile mafuta kidogo, kwa sababu kazi yangu ni ya kutembea na kwa mwaka najikuta nimekwenda kati ya kilomita 30,000 na 40,000. Pili lidumu. Nilidhani nataka kitu kimoja chenye majina mawili, maana gari lisilopoteza mafuta ni gari lisilo na msuguano wa bure wala joto la bure, sasa kwa nini lisidumu? Kumbe mambo hayo mawili husindikizana hadi nusu ya njia tu, kisha kila moja linashika njia yake.

Nianze na hesabu, maana hapa wengi tunajidanganya. Tumezoea kupima kwa kilomita kwa lita, na kipimo hicho kina hila. Gari la kilomita 8 kwa lita ukilibadilisha kwa la 10, unaona umepata kilomita mbili tu. La 16 ukilibadilisha kwa la 20, unaona umepata nne, mara mbili zaidi. Sasa geuza hesabu, tazama lita kwa kila kilomita 100. La kwanza lilikuwa linakula 12.5, sasa linakula 10: umeokoa lita mbili na nusu. La pili lilikuwa linakula 6.25, sasa linakula 5: umeokoa lita moja na robo. Kwa umbali wa kilomita 300,000, gari la 10 kwa lita linateketeza lita 30,000. La 16 linateketeza 18,750. La 20 linateketeza 15,000. Kutoka gari lafi hadi gari la kawaida umeokoa lita 11,250. Kutoka la kawaida hadi bingwa umeongeza akiba ya 3,750 tu.

Hizo 3,750 za mwisho ndizo ninazogombana nazo, kwa sababu ya namna zinavyopatikana.

Ulaji mdogo una njia mbili. Njia ya kwanza ni wepesi: gari dogo, injini ndogo isiyo na turbo (ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini), tairi nyembamba, umbo linalopasua upepo bila kelele. Hapa hakuna cha kuogopa, kwani kisichokuwepo hakiharibiki. Njia ya pili ni ujanja, na ujanja una deni. Watengenezaji walipobanwa na sheria za moshi na ulaji wa mafuta, kila mmoja alianza kukwangua asilimia moja hapa na nusu asilimia pale. Ringi za pistoni zikalegezwa ili zisisugue sana ukuta wa silinda. Zinapunguza mafuta kweli, ila oili ikikaa sana bila kubadilishwa, kaboni inazigandisha kwenye vijia vyake, na injini inaanza kula oili ikiwa bado changa. Petroli nayo ikaanza kunyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda badala ya nyuma ya valvu. Nguvu ikaongezeka na ulaji ukapungua, lakini zamani ile petroli iliyopita kwenye valvu za kuingizia hewa ndiyo iliyokuwa inaziosha. Sasa haipiti tena, na masizi yanajijenga pale mpaka injini inatetemeka asubuhi. Toyota walilitatua hilo kwa kuweka vinyunyizi vya aina zote mbili katika injini moja, mfumo wanaouita D-4S. Wengine wamemwachia mwenye gari.

Kuna turbo ndogo pia, ile inayofanya injini ya lita moja ibebe gari la tani na zaidi. Inaweza, ila inafanya kazi kwa joto na presha ambayo injini kubwa ya kizamani haikuwahi kuijua, na oili ndiyo inayobeba mzigo wote. Na kuna mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha valvu na pistoni, unaozunguka ndani ya oili. Huu ndio ulioniacha mdomo wazi. Ukizeeka unamenyeka, vipande vya mpira vinakwenda kuziba kichujio cha pampu, na tunarudi kwa yule fundi na tanzia yake.

Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, siichukii kama wengi wanavyoichukia. Ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, na kwa kweli huiweka injini kwenye mzunguko inaoupenda. Lakini uhai wake ni yale mafuta yake, na kitabu cha gari mara nyingi kinasema ni mafuta ya maisha yote. Maisha ya nani? Ya waranti, naona. Mwenye CVT anayetaka kufika mbali abadilishe mafuta yake kila kilomita 50,000 hivi, kwa aina ile ile iliyoandikwa kitabuni, si ile iliyopo dukani siku hiyo.

Sisemi ujanja wote ni mbaya. Anayenunua gari jipya na kuliuza baada ya miaka minne atafaidi utamu wote, deni atalirithi mwingine. Tatizo ni kwamba anayesaka gari la kumaliza nalo kilomita 400,000 mara nyingi ndiye huyo mwingine.

Halafu kuna haibridi, ambayo ilinitia aibu. Kwa mantiki yangu haibridi ilipaswa kuwa mbaya kuliko zote: injini ya petroli, mota za umeme, betri kubwa na kompyuta ya kuzipatanisha. Lakini Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na madereva wa teksi, watu wasio na mapenzi ya kijinga kwa gari lolote, wakaing'ang'ania katika miji mingi ya dunia. Nilipochimba nikaelewa. Mle mnamoitwa giaboksi hamna klachi wala mkanda. Kuna seti moja ya gia za sayari zilizoshikana muda wote, na mota mbili za umeme zinazoamua nguvu ielekee wapi. Hakuna stata ya kawaida, hakuna alternata. Injini haisukumwi kwa pupa, kwa sababu mota inaisaidia pale ilipo dhaifu. Pedi za breki zinadumu ajabu, kwani kazi kubwa ya kupunguza mwendo hufanywa na mota inayorudisha umeme kwenye betri. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima Prius ya 2002 iliyokwisha kwenda zaidi ya maili 200,000, na ulaji wake wa mafuta ukakaribia sana ule wa nyingine waliyoipima ikiwa mpya miaka kumi nyuma. Kumbe wepesi si lazima uonekane kwa macho.

Ila mwenye haibridi nimwambie kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji: betri ile kubwa inapoozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, na katika magari mengi tundu lake liko karibu na kiti cha nyuma. Watu huliziba kwa begi, kwa koti, kwa manyoya ya mbwa. Feni ikijaa vumbi betri inachemka, ikichemka inazeeka, na mwenyewe anasema haibridi hazifai. Mimi sikuchukua haibridi kwa sababu moja tu: zote nilizozipata zilikuwa na betri isiyo na historia, na wenyewe walikuwa hawajui hata lile tundu liko wapi.

Dizeli nitaipitia haraka. Kwa safari ndefu za barabara kuu bado ni mfalme. Kwa kupeleka watoto shule na kurudi, dizeli za kisasa zenye chujio la masizi kwenye ekzosi ni adhabu, kwani lile chujio linahitaji safari ndefu yenye joto ili lijichome na kujisafisha. Lisipoipata, linaziba.

Nikabaki na kagari kadogo ka petroli, injini ya lita moja na nusu isiyo na turbo, gia za mkono, cheni ya taimingi badala ya mkanda. Gari lisilo na hadithi. Hakuna aliyewahi kugeuka barabarani kulitazama.

Hiyo namba 186,412 iliwatisha ndugu zangu. Mimi haikunitisha sana, maana kilomita hazilingani. Chukua gari lililokwenda kilomita 300,000 kwa wastani wa 60 kwa saa: injini yake imefanya kazi saa 5,000. Jingine lenye kilomita zile zile, lakini za kusukumana kwenye foleni kwa wastani wa 20 kwa saa, limefanya kazi saa 15,000. Dashibodi inasema ni mapacha. Moja ni kijana, jingine ni babu yake. Mmiliki aliyenitangulia alikuwa anasafiri kati ya miji miwili kila wiki, na alikuwa na karatasi za sevisi kwenye bahasha chakavu, zimepangwa kwa tarehe. Ile bahasha ndiyo niliyoinunua, gari likaja juu yake.

Namba yenyewe nayo siku hizi ni ya kuhojiwa. Kurudisha nyuma kilomita za dijitali ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Mimi hutazama mpira wa pedali, ukingo wa kiti upande ambao dereva hujikwangulia akiingia, na usukani pale mkono unapopumzika. Gari la kilomita 70,000 lenye pedali zilizochubuka hadi chuma kuonekana linasema uongo. Nilimwomba pia muuzaji asiliwashe kabla sijafika. Nilipofika, kabla ya salamu kuisha, niliweka kiganja kwenye boneti. Ya baridi. Nikafungua kifuniko cha oili nikaangalia chini yake kwa taa ya simu: rangi ya asali iliyokolea, hakuna uji mweusi, hakuna povu la rangi ya maziwa. Nikamwambia awashe huku mimi nimesimama nyuma nikitazama ekzosi. Moshi wa bluu, yaani oili inayoungua, sekunde ya kwanza ungenirudisha nyumbani.

Sasa matunzo. Oili ndiyo nitakayoisemea sana, na nadhani mmeshajua kwa nini.

Kuna jambo la kemia lililobadilisha kabisa namna ninavyotumia gari. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji. Yote hutoka kama mvuke, na injini ikiwa ya moto hayana madhara. Lakini injini ikiwa baridi, sehemu yake hupenya kwenye ringi na kushuka hadi kwenye oili, pamoja na petroli isiyoungua. Safari ndefu inayachemsha na kuyafukuza. Safari ya dakika tano dukani na kurudi, kila siku, haiyafukuzi. Yanabaki mle yakitengeneza tindikali na matope. Ndiyo maana gari la kikongwe linalotoka Jumapili tu linaweza kuwa na injini mbovu kuliko la mchuuzi. Safari fupi sasa naenda kwa miguu, na mke wangu anacheka kwamba nimeanza kulionea gari huruma kuliko magoti yangu.

Kitabu cha gari huandika kubadilisha oili kila kilomita 10,000 au 15,000. Endelea kusoma, aghalabu kuna jedwali la pili, la mazingira magumu: vumbi, joto kali, foleni, safari fupi, kuvuta mzigo. Ukisoma orodha ile kwa uaminifu utagundua kwamba wengi wetu tumo. Mimi nabadilisha kila kilomita 7,000, pamoja na chujio lake, na sijawahi kujuta. Uzito wa oili nafuata kitabu, 5W-30, sikimbilii oili nzito kwa sababu gari limezeeka. Na kila baada ya kujaza tangi mara mbili nachomoa kijiti: gari sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa, nafuta, narudisha hadi mwisho, natoa tena, nasoma. Kitambaa kinakaa mfukoni mwa mlango. Kazi yote haifiki dakika mbili.

Maji ya radieta yasiwe maji matupu. Yanakula injini kwa ndani kimyakimya. Weka kulanti yenye glaikoli, aina moja, haichanganywi na nyingine kwa kufanana rangi. Mafuta ya giaboksi ya mkono nayo yana mwisho, hata kama hakuna anayekukumbusha. Plagi, mkanda wa nje, maji ya breki. Haya yote yanajulikana, tuyaache.

Turudi kwenye daftari, kwani ndilo lililofanya kazi kuliko fundi yeyote.

Utaratibu wangu ni wa kizembe kwa makusudi, vinginevyo ningeshauacha. Najaza hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, bila kushindilia. Naandika kilomita na lita. Nagawanya umbali tangu mara iliyopita kwa lita hizo. Namba moja peke yake siiamini, pampu hazilingani na gari huegeshwa limeinama. Natazama wastani wa tatu. Kompyuta ya gari siitumii, magari mengi hujisifu kupita kiasi.

Mwaka juzi namba zilikwenda hivi: 17.4, 17.1, 16.6, 15.9. Kwenye usukani sikuhisi lolote. Gari linavuta, halipigi kelele, halivutwi upande. Ningekuwa sina daftari ningesema mafuta ya siku hizi ni mabaya. Nilianza na upepo wa tairi, uko sawa. Nikabadilisha chujio la hewa, maana ndivyo kila mtu anavyoshauri. Haikubadilika kitu, na baadaye nikajua sababu: kwenye gari la kaburesta chujio lililoziba hula mafuta, lakini kwenye injini ya sindano, inayonyunyiziwa petroli bila kaburesta, kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli kulingana nayo. Chujio chafu hukuibia nguvu, mafuta haliyagusi sana.

Siku iliyofuata nilikwenda mwendo wa nusu saa kwenye barabara tupu, nikajitahidi nisikanyage breki, nikaliacha gari lisimame lenyewe kwenye kijilima. Nikashuka nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Nyuma kulia, vuguvugu. Nyuma kushoto, vuguvugu. Mbele kulia, vuguvugu. Mbele kushoto nilirudisha mkono kabla haujafika: moto kama pasi. Nyumbani nikapiga jeki, nikaizungusha tairi kwa mikono miwili. Ilizunguka nusu mzunguko ikagota, ikitoa mlio wa kukwangua. Zile pini mbili ambazo kalipa ya breki, koleo linalobana pedi, huteleza juu yake zilikuwa zimekauka, moja ina kutu ya rangi ya udongo, imeng'ang'ania. Nilikuwa naendesha wiki sita huku nimekanyaga breki ya gurudumu moja.

Tulizisafisha kwa msasa laini, tukapaka grisi ya breki, tukafunga mipira mipya. Tangi lililofuata lilisoma 17.3.

Fikiria ningesubiri nisikie mwenyewe. Pedi zingekwisha upande mmoja, diski ingepinda, grisi ya bearingi ya gurudumu ingeyeyuka. Kiasi kile cha mafuta, kama kilomita moja na nusu kwa kila lita, kilikuwa kinatumika kuchoma gari langu mwenyewe. Mara nyingine namba ilishuka hadi 14.9, na kosa lilikuwa thermostati, ule mlango wa maji ya kupoozea injini, iliyokwama wazi. Mshale wa joto haukuwa unafika katikati, kompyuta ikadhani injini bado baridi, ikaendelea kuimiminia petroli ya ziada. Kidude kidogo kuliko ngumi. Petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, kwa hiyo huko nako hasara ilikuwa haiishii kwenye tangi.

Kwenye uendeshaji nina ubishi mmoja. Wako wanaoshuka mlima na gia huru, eti wanaokoa mafuta. Kwenye gari la sindano ni kinyume: ukiachia akseleta ukiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na petroli inakatwa kabisa. Ukitoa gia, injini inabidi ichome mafuta ili isizime, na juu ya hayo umejinyima breki ya injini. Upepo wa tairi ukipungua, kila psi moja kwenye tairi zote nne inakula karibu asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini tairi inaliwa kingo wakati huo huo. Kubwa kuliko yote ni mwendo. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 90 hadi 120 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu iliyoongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Nami huenda 120 nikichelewa, msidhani mimi ni mtawa.

Watu wa namba kubwa zaidi duniani hawakubaliani hata wao kwa wao. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa Marekani, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akafikisha nalo maili milioni 3, karibu kilomita milioni 4.8. Siri yake alipoulizwa ilikuwa ya kuchosha: alifuata kitabu cha gari. Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Ugiriki, aliifikisha Mercedes-Benz 240D ya 1976 kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikachukuliwa na makumbusho ya kampuni hiyo Ujerumani. Yeye alikuwa na injini za akiba, moja ikichoka anafunga nyingine. Mmoja alilea injini, mwenzake akaifanya kama tairi. Mimi moyo wangu uko kwa mwalimu, ila nikipiga hesabu za teksi namwelewa Mgiriki.

Na hesabu hiyo sasa imefika mlangoni kwangu. Tangu 390,000 gari limeanza kula oili, lita moja kwa kama kilomita 4,000. Asubuhi kuna moshi wa bluu wa sekunde mbili halafu basi, dalili ya sili za valvu zaidi kuliko ringi. Yule mzee fundi anataka tufungue. Mimi nasema kuna watengenezaji wanaohesabu lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni kawaida, na kwa mwendo wangu ninaongeza kama lita 10 kwa mwaka, haizidi hapo. Kufungua injini inayovuta vizuri ni kukaribisha makosa ambayo hayakuwepo. Tumebishana mara mbili. Kwa sasa nimeshinda, kwa masharti: daftari limeongezwa safu ya tatu, na kijiti nachomoa kila tangi, si kila matangi mawili. Chupa ya oili inalala kwenye buti, imefungwa kwa mpira isibingirike.

Mstari wa juzi: "417,208. Lita 33.0. 17.0. Oili robo." Pembeni nimeandika kwa penseli, "mlio, mbele kulia, nikikata kona." Nashuku ekseli. Jumamosi tutalipiga jeki.